Muhindo na Mji wa Chini ya Jiwe

Kwa jumla ilitugharimu mabati kumi na mawili, mbuzi jike mmoja, na chumba cha tatu ambacho nyumba yetu haijakipata mpaka leo. Nimehesabu mara mbili. Mbuzi alikuwa na mimba, kwa hiyo Papa kila akisimulia alisema mbuzi watatu, na simlaumu. Hata mimi ningewahesabu wa tumboni. Tulichopata kwa bei hiyo ni ukanda wa jiwe jeusi, kiasi cha mikeka miwili ikitandikwa sambamba, mahali ambapo hata jani halioti. Mimi nauza vitenge. Nimenunua mali mbovu, nimeuza mali mbovu, nimedanganywa na watu wa Kampala na wa Butembo kwa lugha nne, lakini sijamwona mtu mwingine akilipa vile kwa kitu kisichobebeka, kisicholimika na kisichokalika. Na aliyetaka kilipiwe alikuwa mama yangu, mwanamke aliyeweza kumaliza asubuhi nzima sokoni akibishania nyanya moja iliyopondeka.

Harufu ndiyo iliyonirudisha huko. Mwezi uliopita mtoto wa jirani yetu alianza kuchimba msingi wa nyumba ya ghorofa, hapa hapa mtaani kwetu Murara, na wachimbaji wake wanafuata njia ya zamani: wanachoma matairi juu ya jiwe mpaka liive, halafu wanalimwagia maji, na jiwe linalia na kupasuka. Harufu yake si ya moto wala si ya mvua. Inafanana na sufuria iliyosahauliwa jikoni na mtu aliyeondoka mbio. Ninyi wa rika langu mliokulia hapa mnaijua. Sisi ndio tuliojifunza kutembea kwenye udongo na kucheza mpira kwenye jiwe, na uwanja ulikuwa ule ule.

Volkano iliposhuka tulikimbilia upande wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na vitu vya kubeba kichwani. Tuliporudi, avenyu yetu haikuwepo. Au tuseme ilikuwepo, ila chini. Juu yake kulikuwa na jiwe jeusi lenye mikunjo kama uji uliopoa, bado lina joto la kutosha kulainisha ndala za plastiki. Sisi watoto tulifurahi. Dunia ilikuwa imenyanyuka, na matawi ya mti uliobaki karibu na kanisa, ambayo zamani tulikuwa tunayatupia mawe, sasa tulikuwa tunayashika kwa mkono. Wakubwa hawakufurahi. Wao walikuwa wanatembea polepole, macho chini, kama watu waliopoteza ufunguo.

Shefu wa avenyu, kiongozi wetu wa mtaa, aliita watu wote ili kila mmoja arudishiwe kiwanja chake. Karatasi zilikuwa zimeungua, na mpima ardhi alikuwa bado anatafuta nyumba yake mwenyewe. Lakini mwanzo wa avenyu, upande wa mlima, kulikuwa na kontena la buluu ambalo zamani lilikuwa duka la chumvi na sabuni. Lava ilikuwa imelizunguka na kulishika kiunoni. Nusu ya juu ilibaki nje, imeinama kidogo. Hakuna mtu asiyelijua kontena lile. Basi tukaanzia pale. Mwenye duka alisimama mlangoni pake, jirani wa pili akasimama palipokuwa mlango wake, wa tatu akasimama pake, na kila mmoja alikuwa anasahihishwa na aliye juu yake na aliye chini yake, hivyo hivyo mpaka mwisho wa avenyu upande wa ziwa. Avenyu nzima imesimama kwenye milango isiyoonekana, kila mtu akilinda nyumba yake ya hewa. Nimeona mambo mengi mjini hapa, lakini lile lilikuwa na heshima yake.

Papa alikuwa Butembo akitafuta maharagwe ya mkopo, kwa hiyo aliyesimama kwetu alikuwa Mama. Hakutulia. Alikuwa anashuka hatua chache kuelekea ziwani, anarudi, anashuka tena.

"Panda, Mama Kavira!" watu wakampigia kelele. Kavira ni mimi. "Uko unakanyaga salon ya Prof!" Yaani sebule ya jirani yetu.

"Mulango yangu haikukuwa hapa," Mama akasema. "Mi kwa mulango ya jikoni nilikuwa naona ziwa hivi." Akainua vidole viwili vilivyokaribiana. "Kakipande tu, kama kucha. Hapa naona ziwa yote. Mulango iko chini kule."

"Mama, ziwa ni kubwa, kila mutu anaiona," shefu akamjibu, jua limempiga kichwani na bado ana milango mingi mbele. "Kontena inasema ni hapo. Panda."

Mama alipanda. Lakini niliona vidole vyake vimebaki vile vile, vimebana ziwa dogo ambalo hakulipata.

Prof alikuwa jirani yetu wa upande wa chini, upande wa ziwa. Tulikuwa tunamwita Prof kwa sababu alifundisha historia sekondari. Jina lake lilikuwa Cirhuza, mtu wa Bukavu, mwenye kunyoosha shati hata pasipokuwa na meza ya kunyooshea. Siku ya kukimbia, mke wake alimwagiza achukue kimkoba cha vyeti vya shule na vya ubatizo. Yeye alitoka na kitabu. Mke wake alisimulia hivyo kwa kila mgeni, na Prof alikuwa anatazama upande mwingine.

Kitabu kilikuwa cha Kifaransa, hakina jalada, kimeungua pembeni. Shule zilikuwa zimefungwa, na Prof, ambaye hakuweza kukaa bila kufundisha, alikuwa anatukusanya watoto wa avenyu asubuhi juu ya jiwe na kutusomea kwa kututafsiria. Kilikuwa kinaeleza mji mmoja tu. Uliitwa Birka. Ulikuwa kisiwani, ndani ya ziwa, huko Suède, nchi ya Wazungu kaskazini, kwenye baridi, na ulikufa zamani sana, kabla babu wa babu wa mtu yeyote tunayemjua hajazaliwa.

"Ulikuwa muji ya nani?" mmoja wetu akauliza.

"Ya bachuuzi," Prof akasema. "Wakulima walikuwa fasi ingine. Pale walikuwa watu wa kuuza na kununua, na mafundi."

Hapo nilisogea mbele. Prof akatueleza kuwa watu wa pale walikuwa wanauza ngozi za wanyama na chuma, na kwao zilikuwa zinafika shanga za kioo na za jiwe jekundu, na hariri, kutoka nchi ambazo wao wenyewe hawakuzijua. Fedha ilikuwa inatoka kwa Waarabu, imeandikwa maneno ambayo hakuna mtu kisiwani aliyeweza kuyasoma. Basi walikuwa hawasomi, walikuwa wanapima. Kila mchuuzi alikuwa na mizani ndogo ya kukunja inayoingia mfukoni, na kama fedha imezidi, wanaikata vipande kwa kisu kama wanavyokata sabuni sokoni kwetu. Wanawake walikuwa wanatembea na funguo kiunoni. Kila familia ilikuwa na kiwanja chake, na kati ya kiwanja na kiwanja kulikuwa na mfereji. Nyumba ikiungua, wanajenga juu ya majivu, na mfereji unabaki pale pale, kutoka kwa baba mpaka kwa mjukuu. Ndiyo maana udongo wa mji ule ukawa mweusi: majivu juu ya majivu, mifupa ya samaki, mavi ya mifugo, taka za watu waliokula vizuri. Wakulima waliokuja baadaye walipaita Udongo Mweusi. Na waliopenda mambo ya kale walienda kupachimba, polepole, kwa vijiko na brashi.

Mnaona tayari nilikokuwa naelekea. Mji wa wachuuzi, kando ya maji, ulioungua, uliofunikwa, ardhi yake nyeusi. Prof alitaja Suède kila siku, nami kila siku niliona anataja Suède kama Papa anavyotaja bei ya kwanza, kwa kupitisha muda.

Kilichonimaliza ni picha. Kitabu kilikuwa na michoro ya rangi iliyochorwa vizuri kupita kiasi. Mwanamke mwenye funguo anabishana bei na mwanaume mwenye ndevu. Huyu amekunja midomo, yule amefungua mikono, na mizani iko katikati inaning'inia. Nyuma yao mtoto amemshika mbuzi kwa sikio. Nilikuwa sijaona mchoro kama ule, nilikuwa nimeona picha za studio tu. Nikamwuliza Prof ni nani alipiga picha hizi.

"Ni wale wenye kuchimba ndio walizitengeneza," akasema, na kugeuza ukurasa.

Basi. Walichimba, wakafika, wakawakuta sokoni, wakawapiga picha. Tangu siku hiyo nilijua kwamba chini ya jiwe mji unaendelea. Avenyu yetu iko pale, duka liko wazi, jikoni kwa Mama kuna moto, na Muhindo amekuwa mkubwa.

Muhindo alikuwa mdogo wangu. Kwetu Wanande hilo ni jina la mtoto anayegeuza zamu, mvulana baada ya msichana. Alizaliwa Papa akiwa safarini na hakumaliza wiki. Mama alimbatiza mwenyewe kwa maji ya bidoni, dumu letu la jikoni. Mimi nilitumwa dukani kununua chumvi, na niliporudi na chumvi hakuna aliyeipokea; ilikaa juu ya mtungi mpaka ikalowa. Alizikwa nyuma ya jikoni, chini ya mti wa kamba ya kuanikia nguo tuliyochangia na kwa Prof, kama ilivyo desturi kwetu kwa mtoto mdogo vile, asilale mbali na sauti ya mama yake. Walikuwepo Mama na mke wa Prof, basi. Papa aliporudi alionyeshwa mahali, akasimama kidogo, akaenda kushusha magunia.

Kwa hesabu yangu, mtoto aliye katika mji wa wachuuzi bila baba na bila kitu mkononi ataonewa. Nikamwandalia mtaji. Nilikusanya vifungo, gololi mbili, kipande cha kioo cha taa ya gari, vizibo vya soda vilivyonyooshwa, na chumvi iliyofungwa kwenye kifuko. Chumvi niliiba. Vingine nilibadilishana kihalali. Nilivificha ndani ya kopo la maziwa, na kila asubuhi nilivihesabu nikifikiri bei ambazo angeweza kupata.

Halafu Prof akaanza kuchimba choo.

Nisimfanye mtu mbaya, hakuwa. Nyumba yake ya mbao na maturubai ilijaa ndugu waliokimbia, na kipindupindu kilikuwa kinatembea mjini kama mkusanya kodi. Kuchimba choo kwenye jiwe lile si kazi ya siku moja wala ya wiki moja. Alichagua ukingo wa juu wa kiwanja chake, mbali kabisa na jiko lake, yaani karibu kabisa na mpaka wetu. Akaajiri vijana watatu wenye nyundo. Matairi yakawaka, maji yakamwagwa, ile harufu ikaanza.

Nilikuwa pale kila siku na kopo langu.

"Mumefika?" nikawauliza.

"Kufika wapi, wee katoto?"

"Sokoni."

Walicheka mpaka mmoja akaangusha nyundo. Tangu hapo, kila nikitokea, walikuwa wanaweka sikio kwenye jiwe na kuniambia, "Ngoja, tunasikia bantu banabishana bei." Nami nilikuwa naamini na kukaa chini kusubiri.

Shimo lilikuwa limefika magotini siku Mama alipopita na beseni la nguo. Alisimama. Akatazama ziwa. Akainua vidole viwili, akasogea kushoto, akasogea mbele, akashuka mpaka ukingo wa shimo, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeitwa jina. Akaweka beseni chini, akaingia shimoni na viatu vyake, akakaa.

"Mama, toka. Jibwe iko moto," kijana mmoja akamwambia.

"Najua."

"Tuko na kazi, Mama."

"Mufanye. Mi naikala."

Wakamwita Prof. Akaja akifunga vifungo vya mikono. "Mama Kavira, siye ni majirani. Shida iko nini?"

"Mutoto yangu iko hapa chini."

Vijana wakanitazama mimi. "Mutoto yako si huyu hapa, anakula muwa?"

"Si huyu."

Prof alielewa. Mke wake ndiye aliyemshikia Mama taa siku ya kumzika Muhindo. Alivua miwani, akaipangusa, akairudisha. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza kanisani, "Lakini utajua aje kama ni hapa? Yote imekuwa jibwe."

"Naona ziwa," Mama akasema. "Ukiniketisha hapa, naona ile ziwa yangu."

"Mama. Kwangu kuna watu kumi na wanne. Mutoto ya ndugu yangu iko hospitali, anahara maji. Nichimbe wapi? Kwa salon?"

"Fasi ingine."

"Fasi ingine ni kuanza na sifuri."

"Na mi nianze na nini, Prof?"

Vijana walizima tairi lao. Kila walipokuja kazini siku zilizofuata walimkuta Mama amewatangulia, amekaa shimoni, anachambua mchele. Shefu alikuja, akasema kontena limeamua na mpaka ni mpaka, na ukanda ule ni wa Prof. Mama akakubali kwamba ni wa Prof. Hakutoka. Mimi nilikuwa upande wa nyundo. Sikuelewa kwa nini yeye, ambaye alimtaka Muhindo kuliko mtu yeyote, aliwazuia watu waliobakiza kidogo tu kufungua mlango.

Papa alifika na lori la maharagwe, na mabati ishirini ya nyumba yetu yamefungwa juu. Alielezwa njiani na watu saba. Alienda moja kwa moja shimoni, akamtazama Mama, Mama akamtazama. Halafu Papa akageuka kwa Prof, akavuta suruali juu kidogo kama afanyavyo anapoanza biashara.

"Prof, hii jibwe unaiuza ngapi?"

"Siiuzi. Nataka choo."

"Choo utachimba chini kule, karibu na muti ya avokado yenye iliungua. Mi nalipa hii shimo ya magoti yenye ulikwisha kuchimba. Sema."

Prof aliangalia lori. "Mabati ishirini."

"Ishirini! Na ishirini napata kiwanja Butembo na miti ndani."

"Basi uende Butembo."

"Sita."

"Papa Kavira, sita haifunike hata choo yenyewe."

Watu walikuwa wamejaa. Walipanda mpaka nane, wakashuka kutoka kumi na nane, wakaachana mara mbili, wakarudiana. Mbuzi wetu aliyekuwa amefungwa pembeni aliingizwa kwenye bei bila kuulizwa. Muda wote huo Mama hakuinua kichwa kutoka kwenye mchele. Walipopeana mikono kwenye kumi na mawili na mbuzi, kijana mmoja wa nyundo akapaza sauti, "Papa Kavira, umenunua jibwe! Utakula nini?"

"Mi nimezoea kununua maharagwe yenye mawe ndani," Papa akasema. "Leo nimepata mawe bila maharagwe."

Avenyu nzima ilicheka, na Papa alicheka kuliko wote. Lakini watu walipotawanyika aliingia shimoni, akakaa kando ya Mama. Mimi nilikuwa nyuma ya rundo la kokoto, na hawakuniona. Kisha Papa akauliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba barabarani safari zote zile. "Alikuwa anafanana na nani?"

"Weye," Mama akasema. "Masikio tu yalikuwa ya mama yako."

Papa akashika masikio yake.

Kesho yake walijaza shimo kwa kokoto zile zile zilizotoka ndani. Nililia vibaya, nikapiga teke watu. Prof, ambaye alikuwa amekuja kuhakikisha kwamba kokoto zinarudi zote, aliniketisha, akauliza kopo ni la nini. Nikamwonyesha: vifungo, gololi, chumvi. Nikamweleza soko, na Muhindo, na kwamba sasa hatakuwa na mtaji.

Hakucheka. Alienda kuleta kitabu, akafungua kwenye ile picha ya mizani. "Kavira, hii ilichorwa," akasema. "Mutu alikaa kwa meza akachora. Wenye kuchimba hawakukuta mutu. Walikuta shanga, na vipande vya fedha, na mizani, na mifupa. Ile ingine yote waliiwaza."

"Na watu walienda wapi?"

"Walihama. Maji ya ile ziwa ilikuwa inashuka, njia ya kwenda baharini ikapungua. Haijulikani vizuri. Lakini muchuuzi anafuata njia. Walibeba mizani yao, wakaenda kufungua soko fasi ingine, ng'ambo."

Nikafikiri. "Na watoto wenye walizikwa?"

Prof alifungua ukurasa ambao hakuwahi kutusomea. Kulikuwa na mchoro wa kaburi la msichana mdogo, wa umri wangu hivi, miaka sita, na shanga za kioo shingoni, na kikopo cha sindano pembeni. Alikuwa mdogo sana kuweza kushona. Mtu alimwekea kwa ajili ya baadaye.

"Walibaki," akasema.

Nilitazama shanga zile, nikazihesabu. Mara ya kwanza sikupata hesabu sawa na mara ya pili. Mtu aliketi akamchagulia mtoto wake shanga moja moja, akamfunika, na halafu, yeye au watoto wake, wakapanda mtumbwi na mizani mfukoni. Sikuwalaumu, hata utotoni. Njia ikifa, utafanyaje. Lakini siku ile ndipo nilipoelewa Mama alikuwa anafanya nini shimoni. Alikuwa anakataa kupanda.

Na hakupanda. Papa alipotaka turudi Butembo, ambako ndugu zake wote walikuwa wanajenga, Mama alisema aende salama, atamwandalia chakula cha njiani. Papa hakwenda. Tulijenga vyumba viwili badala ya vitatu, kwa sababu ya mabati. Ukanda ule ulifagiliwa kila Jumamosi, jiwe likifagiliwa kama sebule, na Jumapili baada ya misa Mama alikuwa anakaa pale na kigoda chake akitazama ziwa lake dogo, hata baada ya maghorofa ya watu kuliziba. Prof na Papa waliendelea kusalimiana. Mbuzi alizaa mapacha, jambo ambalo Papa hakulisamehe kamwe.

Kitabu sijui kiliishia wapi. Kisiwa chenyewe nimekiona kwenye simu, ukubwani. Ni majani ya kijani, kondoo wanakula, na vilima vidogo vidogo vingi, kila kilima kaburi. Hakuna mtu anayejua jina hata moja la waliolala pale.

Mama alitutoka mwaka jana. Yuko makaburini, mbali, mahali pa kupanda pikipiki. Tangu hapo Papa ndiye anayekaa kwenye kigoda Jumapili. Ana miaka mingi na maneno machache. Mtoto wa Prof alipokuja kumwomba tuuze ule ukanda, kwa sababu ngazi ya ghorofa yake inauhitaji, Papa alisema, "Hapa kuna mutoto," akaendelea kutazama ukuta.

Wiki iliyopita Prof mwenyewe alikuja dukani kwangu kwa fimbo. Hakumtaka Papa, alinitaka mimi. Alinipeleka kwenye msingi wa mtoto wake, upande wa katikati ya kiwanja, mahali walipochimba mpaka wakatoboa jiwe na kufikia udongo wa zamani. Chini kabisa kulikuwa na kizingiti cha saruji, kimepasuka, kimeungua rangi ya tofali, kimebandikwa vipande vya sahani ya maua. Mke wake, marehemu, alivibandika mwenyewe saruji ikiwa mbichi.

"Hii ni mulango yangu," Prof akasema. "Iko juu ya fasi yenye nilisimama ile siku. Mbali juu, upande ya mulima. Kontena ilitembea, Kavira. Lava iliisukuma chini kuelekea ziwa, na siye tukaifuata, avenyu nzima. Na mama yako, na ile ziwa yake, alikuwa anashuka zaidi tena. Jibwe ilikuwa imetupandisha juu, ndiyo maana ziwa ilionekana kubwa. Angeweza kushuka mpaka majini, akitafuta ile yake kadogo."

Kutoka mlango wake mpaka mti wetu wa nyuma ya jikoni, alipozikwa Muhindo, ilikuwa kamba moja ya nguo, mita kumi; Mama na mke wa Prof waliinunua nzima kwa pamoja na hawakuikata. Nilileta kamba ya mita kumi. Nilipima mwenyewe kuelekea mlimani, nikarudia, Prof akishika upande wa kizingiti. Kamba ilipita msingi, ikapita ukanda wetu uliofagiliwa, ikapita mpaka, ikaingia nyumbani kwa dirisha la chumba cha Papa. Mara zote mbili iliishia kwenye kitanda, upande wa kichwa. Upande wa Mama. Alilala pale tangu tulipojenga mpaka alipokufa.

Prof amemsimamisha mtoto wake mpaka nitoe jibu kuhusu ukanda, na saruji imeshanunuliwa. Nikimwambia Papa, atajua kwamba mkewe alisali maisha yake yote juu ya jiwe tupu, na kwamba yeye alibishana bei mbele ya avenyu nzima kwa kitu ambacho tayari kilikuwa ndani ya kiwanja chake. Atajua pia kwamba hakuna usiku Mama alilala mbali na mtoto wake. Sijui atasikia lipi kwanza, na ana umri ambao huenda asifike kwenye la pili. Nisipomwambia, nitamtazama Jumapili hii akibeba kigoda kutoka chumba kile na kwenda nje kumtafuta Muhindo. Bei ya kila kitu naijua kuitamka bila kupepesa macho. Hii imenishinda. Ninyi mliokulia juu ya jiwe hili pamoja nami, ambao wazazi wenu pia walisimama kwenye milango ile: nimwambie, au ninyamaze? Anayejua anijibu kabla ya misa.